Shamba la Baba na Nyonga ya Mtoto

Baba alituachia ekari tatu na ugomvi. Ekari zilikuwa zetu watoto wote watatu. Ugomvi ulikuwa wangu, kwa sababu mimi ndiye binti pekee, na mzee alikuwa amesema mbele ya chifu na mbele ya kaka zangu wawili kwamba nitapata sawa na wao.

Akiwa hai hawakumpinga. Alipozikwa ndipo walipoanza kuniuliza kwenye simu, kwa upole unaoudhi, mtu aliye Amerika anataka shamba la nini. Niliwajibu kwamba nataka lile nililopewa. Lilikuwa karibu na mji na wanunuzi walikuwepo, lakini walichukua mwaka mzima kuuza, na kila mwezi kulikuwa na sababu mpya. Mwisho wa miaka ya tisini, kiangazi kikiwa kinaisha, kaka mkubwa alinitumia fungu langu kupitia benki. Lilikuwa dola elfu tisa na mia sita.

"Umepata sasa," aliniambia kwenye simu. "Tusisikie tena mambo ya shamba."

Nilimshukuru nikakata simu haraka, kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka kumpa raha hiyo.

Nilikuwa naishi Alief, kusini magharibi mwa Houston, kwenye nyumba za kupanga ambako jioni ukipita mbele ya milango unanusa vyakula vya nchi sita. Nilichukua nyumba ya ghorofa ya chini kwa ajili ya binti yangu. Alikuwa na miaka saba. Alizaliwa kabla ya wakati, ubongo ukakosa hewa kidogo, na miguu yake haikuwahi kumtii. Kichwa chake kilikuwa kizima kabisa, na mdomo wake mzima kupita kiasi. Baba yake alikwenda jimbo lingine kutafuta kazi na nadhani mpaka leo anaitafuta. Mimi nilikuwa naogesha na kulisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya mchana na wakati mwingine ya jioni.

Mtoto alikuwa raia kwa kuzaliwa, kwa hiyo serikali ilimpa posho ya ulemavu kila mwezi, na pamoja na posho, kadi ya matibabu. Posho ilisaidia kodi ya nyumba. Kadi ndiyo iliyokuwa uhai wetu. Ilimlipia daktari, mazoezi ya viungo na kiti cha magurudumu, na mwaka ule ingelipia upasuaji. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa inatoka mahali pake. Kila nilipomgeuza kumvisha, alikuwa anang'ata kola ya blauzi yake asipige kelele. Daktari alipanga kuirekebisha mwezi wa kumi na moja, akanieleza bila kuzunguka kwamba tukichelewa sana, mfupa hautarudi tena. Hospitali bila kadi isingemgusa, na mimi hata nikiuza kila nilicho nacho nisingefika robo ya gharama.

Sasa kuhusu deni. Baba alipofariki sikuwa na nauli ya kwenda kumzika. Lakini nilikuwa na wenzangu watatu. Tulikuwa tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kupika, kusali na kusengenya, na sitasema kipi kilichukua muda mrefu zaidi. Wa kwanza alikuwa nesi Mkenya mwenzangu, aliyenunua nyumba mpya huko Katy, pembeni mwa Houston, na mumewe. Wa pili alikuwa Mkenya pia, mama mtu mzima, nesi mstaafu, aliyekuwa jirani yetu kabla ya kuhamia kwa binti yake DeSoto, karibu na Dallas. Wa tatu alikuwa Mtanzania, msichana mdogo kuliko sisi sote, aliyekaa mlango unaotazamana na wangu. Alikuwa anaosha vyombo katika mkahawa, na nikipewa zamu ya jioni ndiye aliyebaki na mtoto wangu. Hakuwa na karatasi za kuishi nchini. Sote tulijua na hakuna aliyelitaja. Kazini alitumia jina na namba ya mtu mwingine, na hata sisi tulimwita kwa jina hilo hilo, ulimi usije ukateleza mbele ya watu.

Siku ya pili ya msiba wangu kila mmoja aliniletea dola elfu moja na mia tano. Za Mtanzania zilikuwa noti za tano na za kumi, zimefungwa kwa mpira wa nywele. Ulikuwa mkopo, si mchango. Mchango wa kanisani ulikwishamalizwa na jeneza na gari la kubebea maiti. "Utarudisha ukipata," walisema. Hakuna aliyeandika chochote. Kwetu, kumpa kalamu mtu aliyefiwa ili asaini deni ni kumtukana, na hata kama mmoja wetu angefikiria hivyo asingethubutu kusema.

Kwa hiyo pesa za shamba zilipoingia, nililipa madeni hayo kwanza. Nilitoa benki elfu nne na mia tano siku moja, taslimu, mpaka dada wa dirishani akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu ananitisha. Nikagawa katika bahasha tatu, na kila bahasha nikaipeleka na pakiti ya majani ya chai ya nyumbani, maana deni la watu halirudishwi mikono mitupu. Kisha nikanunua gari kuukuu lenye mlango mpana wa pembeni, ambalo kiti cha magurudumu kingeingia bila mgongo wangu kukatika, elfu tatu na mia mbili. Nikamaliza bili ya zamani ya hospitali, elfu moja na mia nne. Baada ya wiki mbili urithi ulikuwa umebaki dola mia tano. Nilijiona mtu safi. Hata nilijisifu kidogo mbele ya kioo.

Kosa langu ni kwamba sikumwambia mtu yeyote katika ofisi inayotoa posho. Sikuwa naficha. Nilidhani wao wanataka kujua una nini, na mimi sikuwa na kitu. Kumbe nilitakiwa kuutaja urithi mara tu ulipoingia, hata kama uliingia asubuhi ukatoka mchana. Tena kulikuwa na kikomo. Mtoto hakutakiwa kuwa na zaidi ya dola elfu mbili, na mimi mzazi wake niliruhusiwa kuwa na elfu mbili zangu. Tukivuka hapo posho inasimama, na kadi inasimama pamoja nayo.

Walipopitia taarifa zetu za benki waliiona ile elfu tisa na mia sita ikiingia. Barua ilikuja mwezi wa kumi. Ilisema kwamba posho na kadi zitakoma, na kwamba nikitaka kupinga niandike ndani ya siku kumi ili visisimame mpaka nisikilizwe. Niliandika siku hiyo hiyo, nimesimama jikoni na viatu vya kazi. Kikao kilipangwa wiki mbili kabla ya upasuaji.

Kabla ya kikao nilikwenda kuonana na mama aliyeshika faili letu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miwani yenye mnyororo, na alisoma kila karatasi mpaka mwisho, jambo ambalo wengi hawafanyi. Risiti ya gari aliikubali. Ya hospitali aliikubali. Akauliza ile elfu nne na mia tano ilikwenda wapi. Nikamwambia nililipa deni. La nani? La rafiki zangu. Risiti iko wapi? Nikacheka. Sikutakiwa kucheka, lakini nilimwona yule mama wa DeSoto akilini mwangu akiniandikia risiti, na kicheko kikatoka chenyewe.

Akanieleza taratibu kwamba pesa nisiyoweza kuonyesha ilikokwenda wataihesabu kana kwamba bado ninayo. Nilete barua ya kila aliyenikopesha, yenye kiasi, tarehe, jina kamili, anwani na sahihi. Tukapiga hesabu pamoja, yeye kwa mashine na mimi kwa vidole. Ukiweka na mshahara wangu uliokuwa benki, nikileta barua mbili tunapita vizuri. Nikileta moja tunazidi kwa dola mia mbili. Kwa mia mbili hizo, mtoto anapoteza kadi.

Nilianza na Katy kwa sababu ni karibu, na kwa sababu nilimhesabu yule nesi kuwa rahisi kuliko wote. Ana uraia, ana kazi, ana mume, ana nyumba. Nilipita mbele ya nyumba yake mara mbili bila kuijua, maana zote huko zimefanana. Alinimiminia juisi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kufunga mlango wa sebule.

"Dada, hiyo pesa bwanangu hajui nilikupea," akasema.

"Si makosa kukopesha mtu."

"Kwako si makosa. Yeye anajua ilienda kwa mortgage ya nyumba. Akiona jina langu kwa barua ya serikali nitamwambia nini?"

"Barua haiji hapa. Inaenda kwa file ya mtoto wangu, basi."

"Hata wewe ulidhani hakuna kitu itakuja kwako, na ikakuja." Alikuwa anakunja kitambaa cha meza pembeni na kukikunjua. "Siwezi ku-sign. Niombe kitu ingine. Niombe pesa, nitakupea."

Nilikuwa nimejaa hasira mpaka masikio yalikuwa yanawaka. Nilimwambia kwamba ana nyumba ya vyumba vinne na hakuna hata kimoja anamoweza kusema ukweli. Alianza kulia. Mimi nikachukua mkoba wangu nikaondoka, na juisi nikaiacha. Hatukusemeshana kwa miaka mitatu. Leo najua kila nyumba ina hofu yake na kwamba yake haikuwa ndogo, lakini siku hiyo nilitamani nirudi nimwongezee maneno.

Jioni hiyo nilimpigia kaka mkubwa kumwomba nakala ya mkataba wa mauzo, kwa kuwa ofisini waliitaka pia. Alipoelewa kilichotokea alicheka kwa pua.

"Si ungetuachia tu hiyo shamba?" akaniuliza. "Saa hii ungekuwa umekaa na posho yako, bila shida."

Nitakubali hapa kwamba wazo hilo lilikuwa limenipitia. Nilikuwa nimelala nalo siku tatu. Nisingepigania shamba, kadi isingetikisika. Lakini kulisikia kwa mdomo wake kulinikaza. Nilimwambia kwamba alichonipa baba sitakijutia, na kwamba nakala niipate kwa faksi kabla ya Ijumaa. Niliipata Alhamisi.

Siku yangu ya mapumziko nilimpakia mtoto kwenye lile gari tukaenda DeSoto, mwendo wa karibu saa nne barabarani. Alikaa nyuma akinisomea kila bango kwa Kiingereza, na kila gari lilipotikisika alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. Mama wa DeSoto alitupikia ugali na mboga za majani za kukaanga, akakataa kabisa kuzungumza habari za barua kabla hatujala. Tulipomaliza nikamweleza yote, hata ya Katy, mtoto akiwa pale pale mezani, ndipo akavaa miwani. Barua ya kwanza alianza na jinsi baba yangu alivyougua, ikafika kurasa mbili. Nilimwomba aandike nyingine fupi, akanung'unika lakini akaandika, na sahihi yake ilikuwa nzuri kuliko ya daktari yeyote.

"Na yule msichana umemuuliza?" akasema, akimaanisha Mtanzania wetu.

"Sijamuuliza na sitamuuliza."

"Na mtoto je?"

"Najua, Mama."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitaenda na barua moja. Hiyo mia mbili nitapigana nao hapo hapo."

Akaenda kutufungia chakula cha njiani. Hakuniambia nimekosea na hakuniambia nimepatia.

Nilikuwa nimeamua kweli. Jina kamili na anwani, kwa mtu asiye na karatasi, ni kujipeleka mwenyewe mlangoni kwa watu anaowakimbia kila siku. Nilifanya mazoezi ya kujitetea nikiwa naogesha wazee. Ningemwambia yule mama wa miwani kwamba sisi hatuandikiani. Ningemwambia kuhusu bahasha na majani ya chai. Ningeomba nilipe hiyo mia mbili kwa njia yoyote. Nilijua kwamba si kazi yake kunihurumia, na nilijua kwamba maneno mazuri hayana mhuri. Lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Kikao kilikuwa Jumanne. Jumapili mchana, baada ya kanisa, Mtanzania aligonga mlango. Yeye hakuwa na desturi ya kugonga; alikuwa anaingia tu akiita. Alikuwa ameshika karatasi ya daftari la shule.

"Dada, mbona hukuniuliza?" akasema.

Nilimgeukia binti yangu aliyekuwa mezani. Alikuwa anatazama sahani yake kwa bidii sana.

"I just told Auntie you need a letter for my hip," akasema. "And the Katy auntie said no."

"Nakuuliza wewe," Mtanzania akaniambia. "Mbona hukuniuliza?"

"Kwa sababu ungekubali."

"Basi nimekubali bila kuulizwa. Soma, uone kama nimeandika sawa. Kiingereza kanisaidia mwanao."

Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi kwanza, kisha ikapitishwa wino juu. Kiasi kilikuwepo, na tarehe, na anwani yake yenye namba ya mlango. Chini kulikuwa na majina matatu ambayo sikuwahi kuyaona. Tulikuwa tumekaa mlango kwa mlango miaka mitano. Alikuwa amemlaza mtoto wangu, amemwogesha, amemtia pilipili machoni kwa bahati mbaya akalia naye pamoja. Sikuwa nalijua jina lake.

"Hili ndilo lako?" nikauliza.

"Ndilo langu. Yule mwingine hakukukopesha kitu." Akaketi. "Na wakija kujua umewapelekea jina la uongo, watamkatia mtoto kila kitu."

"Unajua karatasi hii inakwenda wapi?"

"Najua."

"Wanaweza kukuuliza."

"Waniulize nini? Kama nilikukopesha? Nilikukopesha."

Ningependa kuandika kwamba nilimrudishia, akanisihi, nikamrudishia tena, mara tatu kama watu wenye adabu. Sikufanya hivyo. Nilimwambia asante, nikaikunja, nikaiweka kwenye bahasha pamoja na ile ya DeSoto kabla hajabadilisha mawazo. Nilikuwa na siku mbili za kuichana na sikuichana. Nilikuwa nafikiria meno ya mtoto kwenye kola. Ikija siku kama ile nitaichukua tena, na bado nitaona haya.

Jumanne yule mama wa miwani alisoma barua zote mbili, akanakili, akagonga mihuri. Hakuuliza namba ya simu ya mtu. Kutafuta mahali pa kuegesha gari kulinichukua muda mrefu kuliko kikao chenyewe. Kadi ikabaki. Posho ya ule mwezi wa urithi walisema niirudishe, na niliirudisha kidogo kidogo mpaka ikaisha, kwa kuwa hilo lilikuwa kosa langu kweli.

Upasuaji ulifanyika siku iliyopangwa. Mtoto alitoka na plasta kuanzia kiunoni hadi magotini, anataka soda na anataka kujua mfupa wake umewekwa misumari mingapi. Wiki zote za plasta Mtanzania alikuja kila siku. Alimlisha, alimsimulia, alimkuna chini ya plasta kwa sindano ndefu ya kufumia. Lakini nilimwona amebadilika. Mtu akigonga mlango wowote kwenye jengo, alinyamaza katikati ya neno. Gari jeupe lisilojulikana likiegeshwa nje, alisimama nyuma ya pazia mpaka liondoke. Nilijifanya sioni, kwa sababu kuona kungenilazimu kusema.

Plasta ilipokatwa, mwanzoni mwa mwaka, aliniambia ana binamu kaskazini, jimbo la baridi, na kwamba huko kuna kazi. Hakutaja barua. Mimi nami sikuitaja. Aliondoka Jumamosi asubuhi na mifuko miwili, akambusu mtoto paji la uso, akaniambia atapiga simu akifika. Alipiga mara mbili, kwa kadi za simu. Kisha namba aliyonipa ikawa ya mtu mwingine.

Niliendelea kukaa pale miaka minne zaidi. Hakuna mtu yeyote aliyewahi kuja kumuulizia. Hakuna aliyegonga mlango wake, hakuna barua, hakuna gari. Karatasi yake ilikaa kwenye faili, na nadhani hakuna aliyeisoma tena baada ya siku ile.

Mwezi wa tano, kwenye chumba cha mazoezi, binti yangu alishika kifaa cha chuma kwa mikono miwili, akajiinua, akasimama. Alisimama mpaka mwalimu wake akahesabu kumi na moja. Jasho lilikuwa linamtiririka na alikuwa anacheka.

"Take a picture," akaniambia. "Take two. One is for Auntie."

Nilipiga mbili. Nilizisafisha zote, nikanunua bahasha na stempu, nikaketi mezani nikaandika juu ya bahasha jina lake kamili, majina yote matatu, bila kukosea hata herufi. Chini yake sikuwa na cha kuandika.